Mashine ya Kahawa Iliyouzwa Kisumu Ndogo

Sheila wa ofisini aliniambia kwamba mtu akistaafu, kampuni humwandikia hotuba fupi ya kumuaga. Nikamwambia asijisumbue, nitajiandikia mwenyewe. Kwanza, hakuna mtu pale anayeijua kazi yangu kuliko mimi. Pili, hotuba fupi haiwezi kunitosha. Kwa hiyo nyinyi vijana mliobaki stoo, someni hii wakati wa chai, na msiifungie mandazi.

Mnanijua kama Kimani wa Stoo. Nimezaliwa Kawangware, na ukoo wetu ulikuwa na shamba hapo wakati kulikuwa bado na migomba mahali ambapo leo pana ghorofa na vibanda vya kuchaji simu. Msidhani nilirithi. Ndugu za baba waligawana, na ilipofika zamu yangu nikaonyeshwa pembe moja ya kuegesha mkokoteni. Basi nikanunua mkokoteni. Shule niliiacha darasa la sita, au tuseme karo ndiyo iliyoniacha. Leo nina nyumba ya mawe, pikapu, na wapangaji wanaoniita landilodi wakiwa na kodi na kunikwepa wakiwa hawana. Vyeo na mishahara siwaandikii. Vyeo nilipewa na mishahara ililiwa. Nawaandikia kazi.

Kazi yenyewe niliipata kwa sababu mtu mwingine alilala. Nilikuwa nimesukuma katoni kutoka stendi mpaka godauni la kampuni, hilo hilo mlilomo, na siku hiyo mbebaji wao hakutokea. Mzee Barasa, msimamizi wa stoo, akanitazama nikizipanga: nzito chini, nyepesi juu, mishale yote ikielekea mbinguni. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikamwambia mkokoteni. Ukiupanga vibaya unakuangukia. Akasema kesho nije nimevaa shati lenye vifungo.

Barasa alikuwa Mbukusu mrefu, mpole, sauti yake ya chini kama redio ya jirani. Kila ninachokijua alinifundisha yeye, ingawa baadaye nilimpita, na mwenyewe alikubali. Alinifundisha kutoa wembe wa kisu urefu wa ukucha tu, usije ukapasua katoni pamoja na kilichomo. Kukunja ncha ya selotepu kila ukimaliza, ili mwenzako asihangaike kuikwaruza akitafuta mwanzo wake. Kutikisa katoni karibu na sikio kabla ya kutia sahihi. Nyinyi mna kile kimashine cha kusoma mistari myeusi, kinalia pii na mnaridhika. Kinasoma jina la kitu. Hakisikii kama kimevunjika.

Siku ya kwanza pia ndiyo niliyoelezwa kampuni inafanya nini, nikadhani nataniwa. Tajiri ana kadi ya benki ya kukopea. Akinunua petroli au nyama kwa ile kadi, benki inamwandikia pointi. Pointi zikijaa anafungua katalogi, anachagua zawadi, na sisi tunampelekea nyumbani. Yaani benki inamshukuru mtu kwa kutumia pesa ambayo bado si yake. Nilimuuliza Barasa kama mimi nikikopa unga dukani kwa Mama Njeri atanipa sufuria ya shukrani. Akasema nijaribu, halafu nimwambie.

Wateja wagumu nimewaona wote. Kuna mama wa Kileleshwa aliyekataa kupokea birika kwa sababu kwenye picha ya katalogi lilikuwa kando ya maua, na maua hayakuletwa. Wengine wangebishana. Mimi nilikwenda barabarani nikanunua maua kwa mfuko wangu, nikarudi nikayaweka kando ya birika vile vile kama kwenye picha. Alinitengenezea chai kwa birika hilo hilo. Ujuzi kama huo hausomewi.

Lakini mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Daktari Shah wa Lavington. Alikuwa ameng'oa na kuziba meno ya Nairobi nzima mpaka akastaafu. Mke wake ndiye aliyependa kuchagua zawadi za pointi, alikuwa anaketi na katalogi kama mtu anayesoma Biblia. Alipofariki, zawadi zikaendelea kuja kwa sababu mtoto wao aliye ng'ambo ndiye aliyekuwa akichagua, akidhani anamfurahisha baba. Mzee hakuwa anafungua chochote. Ukiingia ukumbini kwake ungedhani umerudi stoo kwetu.

"Umeniletea nini tena, Kimani?"

"Kibaniko cha mkate, Daktari."

"Vibaniko ninavyo vitatu. Mkate ndio mmoja."

Kisha angenishika mkono niketi, nile chevda, ule mchanganyiko wa kukaanga wa Kihindi, nimwambie habari za Kawangware. Alizaliwa Kisumu, baba yake alikuwa na duka huko, na alikuwa anaongea Kijaluo kizuri kuliko Waluo wengi wa mtaani kwangu. Mimi ni Mkikuyu, Kijaluo changu kinaishia kwenye jina la samaki, kwa hiyo hakuwa na wa kuongea naye.

Siku moja benki ikaongeza kitu kipya: mtu aweze kutoa pointi zake kwa wanaohitaji badala ya kujichukulia zawadi. Ofisini walisherehekea kwa keki. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari, nikamwonyesha kwenye simu yake mahali pa kubonyeza. Akabonyeza zikaenda zote, akavua miwani, akaonekana mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Sheila, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia pointi zinazotolewa, alikuwa anatafuta mahali padogo pa kuanzia. Nikamtajia Mama Awino wa Kisumu Ndogo, kule Kibera.

Mke wangu alikuwa ananunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa Mama Awino miaka mingi. Baadaye Mama Awino aliacha omena akaanza kulea watoto wa majirani, wale ambao mama zao hutoka asubuhi kwenda kufua nguo Olympic na mitaa mingine. Alianza na mmoja, kwa hisani, na hisani ikijulikana Kibera haikai peke yake. Chumba kikajaa. Nilipokwenda kumwona nilimkuta na mtoto mgongoni, mwingine gotini, na anaongea na mimi huku mguu wake unatikisa wa tatu aliyelala kwenye beseni.

Alinieleza shida bila kulia wala kubembeleza. Afisa wa afya wa kanjo, yaani wa serikali ya jiji, alikuwa amepita. Hakuwa mbaya, alisema, hata alimbeba mtoto mmoja. Lakini sakafu ilikuwa ya udongo na maji yalisimama, jiko lilikuwa chumba kimoja na watoto, na tangi la maji halikuwapo. Amepewa mpaka mwisho wa mwezi kutengeneza, la sivyo mlango ufungwe.

Nikamuuliza watoto wataenda wapi.

"Hakuna mahali, Baba Shiro. Mama zao hawataacha kazi. Watawafungia ndani na kufuli mpaka jioni." Akamfunga vizuri yule wa mgongoni. "Nimeshaona nyumba ikishika moto na kufuli iko nje. Sitaki kuona tena."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, vijana. Sakafu, jiko na tangi, kabla mwezi haujaisha.

Nilirudi ofisini nikifikiri mambo yameisha, maana pointi za Daktari zilikuwa nyingi sana. Sheila akanifungulia katalogi. Saruji, hakuna. Mabati, hakuna. Tangi, hakuna. Kulikuwa na masanduku ya safari, fimbo za gofu, glasi za mvinyo, taulo zenye herufi ya jina lako, na usiku mmoja hotelini kwa watu wawili. Nikamwomba ageuze pointi kuwa pesa. Akasema benki hairuhusu. Nikamwomba angoje kidogo labda walete kitu cha maana. Akasema pointi zilizotolewa zinaoza mwisho wa mwezi.

"Kama maziwa," nikasema.

"Kama maziwa, Mzee Kimani. Na mimi si ng'ombe."

Nilimpigia Mama Awino simu nikamsomea katalogi yote. Kwenye taulo zenye herufi alicheka mpaka akakohoa. Akasema basi nimchagulie chochote, ashukuru Mungu, aanze kuwaambia wale mama. Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi ambayo digrii haifanyi. Nikamuuliza kama kanisa lake bado linafanya mnada wa harambee. Akasema wanafanya. Nikamwambia Sheila atoe mashine ya kahawa, ile kubwa kuliko zote. Sikuichagua kwa sababu ya kahawa, maana Kisumu Ndogo wanakunywa chai. Niliichagua kwa sababu ya katoni. Ilikuwa inafika kiunoni, na picha ilikuwa inang'aa pande zote nne. Kwenye mnada watu hununua kwa macho.

Sheila alisoma sheria za benki juu na chini. Zilisema kitu kisirudishwe wala kisibadilishwe. Hazikusema kisiuzwe kanisani. Jambo moja tu alinikataza: nisimpeleke mteja kwa watu wanaosaidiwa. "Ukimpeleka Daktari Kibera na apotee, mimi sikujui," akasema. Nikamwambia mtu aliyezaliwa Kisumu hawezi kupotea Kisumu Ndogo.

Kwa yeyote anayesoma hii na hakulelewa kwenye makanisa yetu, mnada wetu uko hivi. Mtu analeta kuku, mwingine mkungu wa ndizi. Kuku anauzwa. Aliyemnunua anasema "namrudisha kwa kanisa," na kuku anauzwa tena, na tena, mpaka kila mwenye kitu ametoa. Kuku mmoja anaweza kuezeka paa. Kumtia kwapani ukaenda naye nyumbani si dhambi, hakuna aliyewahi kulihubiri. Ni kwamba hakuna anayefanya hivyo. Na siku hiyo tulikubaliana tusiuze kwa pesa. Tuuze kwa vitu vya ujenzi, ili kila mtu alete alichonacho.

Jumapili hiyo kanisa la mabati lilijaa mpaka nje. Daktari alikuja na suti ya kijivu, akasimama mlangoni na kuwaambia "Oyawore," yaani habari za asubuhi, na kanisa zima likageuka. Wamama wa omena wakamjibu kwa pamoja, wakamuuliza ni Jaluo wa wapi, akawatajia mtaa wa kwao wa zamani kule Kisumu. Wakamkalisha mbele kama mkwe.

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeendesha mnada. Kuku aliuzwa kwanza, akauzwa mpaka akafumba macho, lakini kuku alileta misumari na nusu ya mabati tu. Ndipo wakaiinua mashine. Watu wakasogea kuisoma katoni. Kabla mwalimu hajamaliza kuisifu, Daktari akainuka na kusema kwa Kijaluo, na tena kwa Kiswahili ili mimi nisikie, kwamba yeye ananunua kwa tangi la maji, kubwa, na mabomba yake.

Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wakajibu. Mama Awino aliziba uso kwa leso. Tangi limepatikana kwa mkupuo mmoja, na mchezo ndio kwanza umeanza: mwenye baa ya ng'ambo ya njia alikuwa amesimama mlangoni, wamama wa omena walikuwa wananong'ona, mafundi walikuwa wananyoosha vidole vyao tayari.

Daktari akaenda mbele. Akamshika mwalimu mkono. Kisha akaikumbatia ile katoni, akainyanyua kwa magoti kama nilivyomfundisha mwenyewe, akaaga kwa upole, na akatoka nayo.

Tulisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Mwalimu wa kwaya alibaki amenyoosha mikono, na hakukuwa na kitu ndani yake. Kumwita mgeni na kumwambia arudishe alichonunua, hilo nalo halijawahi kufanywa. Mzee mmoja wa kanisa akasema tumwache, ametoa vya kutosha. Nikamtazama Mama Awino. Tangi bila sakafu ni tangi tu. Afisa angefunga mlango na tangi likiwa limesimama kando.

"Mwache, Baba Shiro," akaniambia. "Mgeni hadaiwi."

Mimi huwa nasikiliza watu wazima. Siku hiyo sikusikiliza. Goti hili lililostaafu kabla yangu lilikuwa bado zima, nikakimbia nikalipata gari likijaribu kugeuka katikati ya meza za samaki. Nikagonga kioo.

"Daktari, hiyo mashine inabidi irudi ndani."

"Kwa nini? Imevunjika?"

"Haijavunjika."

"Nimenunua, au sikununua?"

"Umenunua."

"Basi?"

"Ukishanunua unairudisha, iuzwe tena."

Akazima gari. "Kimani, sasa mimi nimenunua nini?"

Sikuwa na jibu la kisomo, nikampa nililokuwa nalo. "Umenunua nafasi ya mwenzako kununua."

Akafikiri. "Na yeye mwenzangu akinunua?"

"Anairudisha."

"Wote wanajua hivyo?"

"Wote, Daktari."

"Na wamenitazama nikibeba." Akaegemeza kichwa kwenye usukani, mabega yakaanza kutikisika, nami nikaogopa nimemuumiza mzee. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. "Nimeng'oa meno ya watu hawa maisha yangu yote," akasema, "na hakuna mtu aliyeniambia."

Tulirudi naye mimi nikiwa nimebeba katoni. Alipoingia, alisimama mbele yao na kuwaambia kwamba kwa baba yake dukani, mteja akirudisha kitu alikuwa anatoa sababu. Sababu yake ni kwamba kahawa inamnyima usingizi. Kanisa liliangua kicheko ambacho nadhani Olympic walikisikia.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwazuia watu. Wamama wa omena walinunua kwa mchanga. Mwenye baa akasema yeye haingii ndani, miguu yake haijazoea, lakini kutoka hapo mlangoni ananunua kwa saruji. Kijikaratasi chake cha ahadi kikapitishwa juu ya vichwa mpaka mbele. Mafundi wakanunua kwa mikono yao. Vijana wa kwaya wakanunua kwa kuchimba mtaro. Kila mara katoni ilirudi, na kila mara mwalimu aliisifu upya, mpaka akasema ile mashine inachemsha, inasaga na kusamehe. Mimi nilinunua kwa pikapu yangu, niliyoinunua bila kumwomba mtu hata shilingi, ya kubeba kila kitu mpaka kazi iishe. Na mwisho kabisa Daktari akainuka tena. Akasema vitu vya kununulia vimemwishia, ila bado anajua kazi moja, na angependa kuwa anakuja kuangalia meno ya watoto.

Tulijenga Jumamosi kwa Jumamosi, na katikati ya wiki mafundi waliiba jioni zao. Mimi ndiye niliyepanga mizigo, na sijivuni nikisema hakuna mfuko wa saruji uliolowa. Sheila alikuja mara moja na viatu vya mvua, akaniambia yeye hajaona mteja yeyote pale. Wakati huo Daktari alikuwa amesimama mbele yake, ameshika ndoo.

Afisa wa afya alirudi asubuhi ya mwisho wa mwezi, mama mwembamba mwenye mkoba mkubwa. Aliangalia jiko jipya, akafungua bomba la tangi, akanusa maji. Kisha akaomba ndoo, akaijaza, akaimwaga yote katikati ya sakafu.

Tukayatazama yale maji. Fundi mkuu aliacha kutafuna. Yalitanda, yakasimama kwenye pembe moja kama yanafikiria, na Mama Awino akashika mkono wangu mpaka pete yake ikaniuma. Halafu yakapata njia, yakaanza kutembea, taratibu, yakaingia mtaroni na kutoka nje.

"Pakauke kwanza," afisa akasema, "watoto wasiteleze. Kisha wafungulie."

Nje walikuwa wamejipanga, kila mama na mtoto wake mgongoni na beseni la kufulia mkononi, wamechelewa kazini na hakuna aliyeondoka. Mama Awino alipangusa sakafu kwa leso yake mwenyewe, ingawa kulikuwa na tambara. Kisha akafungua mlango na kuanza kuwapokea. Mikono yake ilipojaa akageuka na kuniona.

"Baba Shiro, unasimama hapo kama askari wa benki. Shika huyu."

Nikamshika. Alikuwa msichana mdogo mzito, ametoka kulala, ana harufu ya uji na moshi. Kwa mtu aliyebeba kila kitu kilichomo kwenye katalogi, nilishangaa kwamba sikujua mkono uwe wapi. Mama yake alikuwa msichana pia, wa umri wa binti yangu Shiro. Alimrekebisha mtoto kifuani pangu kidogo, akachukua beseni, akateremka njia ya kwenda Olympic. Hakugeuka kuangalia nyuma hata mara moja.